Spika ya 28,000 ya Makoroboi: besi hamna, ila kila neno unalisikia

Nianze na hili ili mtu asije kunilaumu baadae: kama unatafuta spika ya kutetemesha bati, ya singeli na amapiano Jumamosi jioni, hii siyo yako, jikusanye ukanunue sabufa. Hii ni spika ndogo, urefu wake kama chupa ya soda, nimeinunua 28,000 pale Makoroboi, hapa Mwanza, mwezi wa kwanza, msimu wa sare za shule, na nimeitumia vya kutosha kuweza kuisema mazuri na mabaya yake.

Mi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Mabatini, na mafundi ndo wasikilizaji wakubwa wa mji huu hata kama hakuna anayetuhesabu. Mikono iko kazini, macho yako kwenye sindano, masikio tu ndo yamebaki hayana kazi. Asubuhi redio, mchana nyimbo, jioni muvi inaongea yenyewe kwenye simu mi nabandika vifungo, nainua kichwa pale tu nikisikia ngumi zimeanza. Sasa sehemu yenyewe ina kelele, cherehani yangu ya miguu inaguruma, jirani ana ovaloki inalia kama nyuki waliochokozwa, chini barabarani boda na honi zao, halafu mlima wetu mnaujua, mawe matupu, kelele ikipanda inagonga mwamba inakurudia tena. Ukija pale na spika yenye besi nyingi ule mdundo unachanganyikana na mngurumo wa cherehani unabaki unasikia dum dum dum na mtangazaji anamung'unya kama kaweka kiazi mdomoni. Mi nilikuwa nataka spika inayotamka. Basi.

Na kabla ya kuipata nilishachezea hela mara mbili. Kwanza nilinunua iafoni za blututhi, zile za kuchomeka sikioni, saundi nzuri sana sitaki kusema uongo, ila mteja anasimama mbele yako anakuambia mwangaluka mara tatu humsikii, anaondoka anaenda kusema yule fundi siku hizi ana maringo. Halafu siku moja ile ya kushoto ikadondokea kwenye gunia la vipande vya vitenge, na gunia likachukuliwa na watu wanaojaza mito, kwahiyo kuna mtu hapa Mwanza kila usiku analalia iafoni yangu. Mara ya pili nikaingia duka moja mjini, silitaji, la vioo na kiyoyozi, nikatoa 65,000, boksi limejaa maneno, wati kibao, haiingii maji, haiingii vumbi. Wiki ya tatu ikagoma kushika chaji. Nimeirudisha na risiti mkononi, kaka wa watu kaigeuza mara moja akasema "hii umeiangusha mama". Kisa mkwaruzo mmoja. Nikaondoka zangu.

Ndo nikaenda Makoroboi kwa wamachinga. Kibanda chenyewe ni meza ya mbao yenye kioo juu, chini ya kioo chaja, vitochi, memori kadi, waya za kila aina, na kijana mmoja mpole mpole ambaye nilimpa alama zote baadae. Ila alianza vibaya kama wenzake wote: kaniwashia wimbo wake. "Sikiliza mzigo huo dada." Na hapa naomba unisikilize wewe unayeenda kununua spika popote pale, kila muuza spika ana wimbo wake mmoja, unaanza taratibu halafu mdundo unashuka ghafla, anaufungulia mpaka mwisho katikati ya kelele za mtaa, na wimbo huo hata ukiuweka kwenye debe la mafuta utasikika mzuri. Hujajua kitu hapo. Mi nilitoa memori kadi yangu mkobani nikamwambia mdogo wangu zima huo wako, weka hii.

Kwenye kadi yangu kuna vitu viwili tu vya kupimia. Cha kwanza dakika tano za taarifa ya habari niliyoirekodi redioni, sauti ya mwanamke, anasoma haraka. Cha pili ni gitaa la Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz. Kijana kacheka mpaka kashika meza, "dada unajaribisha spika kwa taarifa ya habari?" Ndio. Tumepitisha spika nne. Mbili za mwanzo zinawaka mataa ya rangi rangi kama ukumbi wa harusi, ila msomaji akifika kwenye S na SH zinachoma sikio kama pini. Ya tatu sauti inatokea kama mtu yuko ndani ya mtungi. Ya nne, nyeusi, haina taa, mbaya mbaya hivi, mama wa watu akasoma habari nikasikia mpaka anapovuta pumzi kati ya sentensi mbili. Hiyo hiyo. Alianza 35,000 tukamalizana 28,000, na bila kumuomba akachukua peni akaandika tarehe kwenye boksi, ikigoma ndani ya siku saba narudisha. Lile duka la kiyoyozi halikunifanyia hivyo.

Kuhusu Mbaraka, siyo kwamba mi mzee, mi ni nyimbo za baba tu nimekua nazo. Huyu mtu alifariki 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya na nyimbo zake bado zinapigwa mpaka kesho. Nyimbo nyingi za bendi zetu za wakati ule zilirekodiwa mono, vyombo vyote vimepita njia moja, na besi yenyewe ilikuwa ya kiasi, kwahiyo ukizipiga kwenye spika moja ndogo haupotezi kitu, ni kama zilitengenezwa kwa ajili ya vitu hivi vidogo. Mi kwenye spika hii ndo nimesikia kwa mara ya kwanza lile gitaa la pili, linalokaa nyuma linakwaruza kwaruza taratibu wakati solo linatamba mbele. Miaka yote hiyo sijawahi kulisikia, lilikuwa limefunikwa. Siku hiyo suruali ya mtu nilishona mguu mmoja mara mbili.

Hipuhopu inakaa vizuri pia, weka Fid Q wetu wa Rock City hapo, mistari yote unaipata mmoja mmoja. Amapiano sasa ndo aibu, ile ngoma nzito ya chini inayeyuka kabisa kinabaki kichekeche, tchk tchk tchk, unaweza kudhani mtu anapepeta mchele. Koni yenyewe ni inchi mbili, mdundo mzito unataka kusukuma hewa nyingi na hii haina kifua hicho, kwahiyo usiilazimishe.

Chaji. Kitakoni imeandikwa betri 1200 mAh na nguvu wati 5. Fundi redio mmoja rafiki yangu kanipigia hesabu kwenye karatasi ya pateni, 1200 mAh kwa volti 3.7 unapata kama wati 4.4 za saa moja, maana yake ukiifungulia mpaka mwisho haifiki hata saa nzima. Ila kwa sauti ya kawaida haili hata wati moja, mi naiwasha saa tatu asubuhi inanifikisha saa nane, siku nyingine saa tisa. Kwahiyo wanaolalamika betri mbovu wengi wao ndo wale wanaotaka mtaa mzima ujue wamenunua spika.

Muvi kwenye blututhi ina kasoro, sauti inachelewa kidogo, mtu anafunga mdomo ndo neno linatoka. Chomeka waya tatizo linaisha, shimo la waya lipo. Kwa hizi muvi zilizotafsiriwa wala usihangaike na waya, kuanzia enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa zamani, mdomo na sauti havijawahi kukubaliana, na raha yenyewe iko kwa anayesimulia.

Redio inashika, ila lazima uchomeke waya wa chaji ndo unakuwa antena, hilo hawalisemi kwenye boksi. Na kwa sisi wa milimani kuna hesabu ya mawe, nikiiweka kushoto mwa meza inakoroma, nikiisogeza hatua moja nje ya kivuli cha mwamba inasafika kabisa. Nimeigongea msumari wake hapo.

Sasa mabaya. Ukiiwasha kuna mwanamke ndani anapiga kelele za kizungu kwa sauti ya juu kabisa hata kama volyumu umeiweka chini, saa kumi na moja alfajiri anaamsha nyumba nzima, na hazimiki huyo nimetafuta kitufe mpaka nimechoka. Ukiizima haikumbuki ilipoishia kwenye kadi, inaanza wimbo wa kwanza. Na kubwa kuliko yote haisomi majina ya mafaili, inafuata jinsi ulivyoyaingiza kwenye kadi. Kwa nyimbo hutajali. Mi ilinitia aibu Ukerewe.

Iko hivi. Bibi yangu yuko Ukerewe, macho yana mtoto wa jicho, na nina mteja mwalimu mstaafu aliniazima kitabu cha Aniceti Kitereza, kile cha Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliokaa muda mrefu bila kupata mtoto. Mzee mwenyewe ni wa huko huko Ukerewe, alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza 1945, kikakosa wa kukichapa mpaka akakigeuza mwenyewe Kiswahili kikatoka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Kama hujakisoma kitafute, humo kuna namna ya kulima, kuvua, kuoa, kuomba msamaha ukweni, hakina haraka na ni kinene haswa. Mi nikawa nakisoma usiku mbwa wakishatulia, najirekodi kwenye simu, nikafikisha faili 40 na ushee, nikazirusha zote kwa mpigo kwenye kadi, nikapanda meli ya Nansio. Spika niliishonea mfuko wa kitambaa cha mwamvuli maana ziwa mchana lina mawimbi, na hii haina hata alama ile ya IPX7 inayomaanisha imepimwa ndani ya maji mita moja kwa nusu saa, imechorwa tone la maji tu, na tone mtu yeyote anaweza kuchora.

Tumekaa uwanjani, bibi kwenye mkeka, shemeji na wavuvi wenzake wa dagaa wanasubiri giza, nikawasha. Mtoto ameshazaliwa, ana meno. Faili linalofuata Bugonoka analia hana mtoto. Bibi kanyamaza kidogo halafu akauliza, "mjukuu wangu, yule wa mwanzo wamempeleka wapi?"

Dawa yake ni kuingiza faili moja moja kwa mpangilio, 01, kisha 02, jioni nzima inaisha. Na kwa vile inasahau ilipoishia nikazigawa kwenye kadi ndogo ndogo za zamani, faili chache kila kadi, nikashona vimfuko vya kitenge, cha kwanza kifungo kimoja, cha pili viwili, cha tatu vitatu, bibi anapapasa kwa vidole anajua leo wako wapi, kumchomekea kadi ni kazi ya mjukuu mdogo.

Kadi nazo jihadharini, niliwahi kuuziwa ya GB 64 mahali pengine ambayo kiukweli ndani ilikuwa 8, inakubali kila kitu unachoweka halafu nyimbo za mwisho hazifunguki. Ukinunua ijaze muvi mpaka itapike, kisha fungua ile ya mwisho hapo hapo.

Mnadhani spika nilirudi nayo? Bibi kaiweka chini ya mto. Jumapili nimerudi Makoroboi, kijana kaniona kwa mbali akazima wimbo wake mwenyewe, "dada wa taarifa ya habari karibu". Sasa hivi ni 30,000, hashuki, nimelipa. Kimfuko cha vifungo vinne nimeshakimaliza, nampa mtu wa meli Ijumaa akipeleke.