Bad Gastein: bwawani ni starehe, handakini ni tiba

Anayekwenda Bad Gastein aamue kwanza anafuata nini, kupumzika au kutibiwa. Mji huu mdogo wa jimbo la Salzburg, Austria, una yote mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu safari.

Mji umejibana kwenye ubavu wa mlima, mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na katikati yake yanashuka maporomoko ya maji ya jumla ya mita 341 yakinguruma usiku na mchana. Mwenye usingizi mwepesi asichukue chumba kinachoyatazama. Stesheni iko juu, kitovu cha zamani kiko chini, na kati yake ni mteremko mkali. Wageni wengi huja kwa sababu ya magoti na migongo, kwa hiyo waulize mapema hoteli iko upande gani.

Chemchemi hutoa maji yanayofika nyuzi joto 46 hivi, takriban lita milioni 5 kwa siku. Kwa starehe, Felsentherme, bwawa la kuogea lililo karibu na stesheni, linatosha: maji yamepozwa, kuta ni mwamba wenyewe, na radoni, gesi ya mnururisho iliyomo katika maji ya chemchemi, imeondolewa ili hata watoto waingie. Asitarajie mtu kuponywa baridi yabisi humo.

Bafu la tiba ni jambo jingine. Mgonjwa hukaa ndani ya maji yenye radoni kama dakika 20, na kosa la kawaida ni kujigeuzageuza. Maji yakitibuliwa gesi hukimbilia hewani badala ya kupita kwenye ngozi, na faida hupungua. Tulia, kisha nenda ukalale.

Kinachoupa mji jina la pekee ni Heilstollen, handaki la tiba la kijiji cha Böckstein, bondeni juu kidogo ya mji. Bonde hili lilichimbwa dhahabu kwa karne nyingi, na kilele chake kilikuwa karne ya 16. Mwaka 1940 wachimbaji walitoboa tena mlima Radhausberg. Dhahabu ya kulipa gharama hawakuipata, walikuta joto, na baadhi yao wakaona viungo vyao vimepata nafuu. Watafiti walithibitisha kuwa kuna radoni, na tangu mwaka 1952 handaki limekuwa la tiba.

Utaratibu wake hauna mzaha. Daktari hukupima kwanza, kisha treni ndogo inakuingiza kilomita 2 hivi ndani ya mlima. Vituo vya kulala vinatofautiana joto, kuanzia nyuzi 37 hadi 41.5, na unyevu ni asilimia 70 hadi 100. Unalala kitandani karibu saa nzima ukitiririka jasho. Miwani hufunga ukungu papo hapo, vito vya chuma hupata moto, kwa hiyo viache nje. Kula chakula chepesi kabla, na ukishatoka unywe maji na upumzike. Kupanda mlima siku hiyohiyo ni kutafuta kizunguzungu.

Mara moja haitoshi. Dozi ya kawaida ni kuingia mara 10 hivi katika wiki 2 hadi 4, na maumivu yanaweza kuzidi kidogo katikati kabla ya kupungua. Wanaofaidika zaidi ni wenye baridi yabisi na ugonjwa wa Bechterew, ule unaokaza uti wa mgongo. Wajawazito, wenye homa, na wenye moyo dhaifu wasiingie. Anayeogopa mahali finyu naye ajifikirie mara mbili.

Kuhusu radoni lisemwe wazi: ni gesi ya mnururisho inayojulikana kusababisha saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isizidi bekereli 100 (kipimo cha mnururisho) kwa kila mita ya ujazo, ilhali handakini kuna takriban 44,000. Kwa mwenye maumivu sugu, saa chache chini ya uangalizi wa daktari ni hatari inayoweza kukubalika. Kwa mtu mzima wa afya anayetaka tu kuonja, hakuna sababu ya kuingia.

Kufika ni rahisi kwa treni kutoka Salzburg. Anayetoka kusini kwa gari hulipakia kwenye treni huko Mallnitz, upande wa pili wa mlima, na kulishusha Böckstein, maana barabara haivuki mlima hapo. Aangalie ratiba kabla ya kuondoka, kwani reli ikifungwa kwa matengenezo mzunguko wake ni mrefu.