Kliniki ya vidonda, Pasua Moshi: nawapa nyota nne

Naandika kwa wenye mgonjwa aliyepigwa mionzi halafu kidonda kinagoma kufunga. Mama alipigwa mionzi ya kansa ya titi 2017, akapona, tukashukuru Mungu, miaka sita baadae ile ngozi ya kifuani iliyokua imekakamaa na kuwa nyeusi ikapasuka yenyewe, kashimo kama punje ya hindi, miezi miwili mbele kanaingia kidole.

Tulianzia sehemu nyingine, siitaji. Kila asubuhi wanaosha na ile dawa inayotoa povu, gozi (kile kitambaa cha kufunikia kidonda) imekauka wanaivuta hivyo hivyo inatoka na nyama, mama analia mi niko nje namsikia.

Hapa Pasua daktari alikataa kuanza chochote mpaka kipande kidogo cha nyama ya kidonda kikapimwe, kidonda kikitokea palipokua na kansa lazima ujue kwanza kama haijarudi. Majibu yakaja safi ndo wakaanza. Akatueleza mionzi inaharibu na vile vimishipa vidogo vya damu, ngozi inakosa oksijeni, ukiichubua haina nguvu ya kujijenga, na hata ukibandika ngozi ya pajani inaweza isishike maana chini hakuna damu ya kuilisha, kidonda kikiwa kikubwa inabidi ihamishwe nyama pamoja na mshipa wake. Hakuna mtu aliwahi kutuambia hayo.

Ila sista wa pale ndo sababu naandika. Anamwaga maji ya chumvi ya vuguvugu juu ya gozi, anasubiri ilegee, anainua kona moja taratibu na fosepsi, kile kibanio, mama akikunja uso anaacha anamwaga tena. Anaweka jeli, gozi ya mafuta, anazungusha bandeji laini, plasta haigusi ile ngozi kabisa. Na kila mara anamuuliza mama jana umekula mayai, maharage?

Nikauliza kuhusu chumba cha oksijeni cha presha, yani unakaa ndani unavuta oksijeni kwa presha kubwa, kule nje ya nchi watu wanaingia dakika 90 hivi, mara 30 mpaka 40. Daktari akasema wazi hawana, na sio kila mtu kinamsaidia. Nimempenda kwa hilo.

Nyota moja nimekata kwasababu vifaa vya kufungia unalipa cash, bima haigusi, na Jumatatu foleni mpaka saa nane, mgonjwa wa kidonda kukaa benchi la mbao masaa yote hayo jamani hapana.

Huu ni mwezi wa saba wa matibabu sasa. Hakijafunga bado, ila kina wekundu mzuri, harufu imeisha, na mama analala usiku. Mkienda bebeni makaratasi yote ya mionzi, watayaulizia mlangoni.