Firestik II ya Futi 4: Antena ya CB Inayodai Mahali Pazuri pa Kufungwa

Madereva wenzangu kutoka Afrika Mashariki wanaoendesha malori Marekani na Kanada huniuliza wanunue redio gani ya CB, yaani redio ya masafa mafupi ambayo madereva huongea nayo barabarani, nami huwasihi waanze na antena. Sheria ya Marekani inaruhusu redio hizi kurusha wati 4 tu kwa AM, iwe ya bei rahisi au ghali, kwa hiyo kinachomfanya dereva asikike vizuri kwenye chaneli ya 19, inayotumiwa na madereva wa malori, ni antena, mahali ilipofungwa na jinsi ilivyorekebishwa. Ninayoitumia mimi ni Firestik II ya futi 4, yaani sentimita 120 hivi, na naithamini kuliko kifaa kingine chochote nilichofunga kwenye kabini.

CB hutumia masafa ya megahezi 27, ambayo wimbi lake lina urefu wa meta 11, hivyo antena kamili ya robo ya wimbi ingekuwa na takriban meta 2.7, urefu usiofaa kwa lori linalopita chini ya madaraja na matawi. Firestik hufupisha fimbo kwa kuuzungusha waya juu ya ufito wa faibaglasi, mizunguko ikisongamana kuelekea kileleni. Mpangilio huo unafaa sana inapofungwa kwenye bomba la kioo cha pembeni, kwa sababu sehemu ya juu, iliyobeba mizunguko mingi, inatakiwa ibaki juu ya paa la gari. Ndiyo maana sishauri ile ya futi 2 kwa lori: huishia kujificha nyuma ya kabini, na mawimbi ya upande huo huzuiwa na bati.

Sifa yake kubwa ni skrubu iliyo kileleni, chini ya kofia ndogo, inayorefusha au kufupisha antena kwa kuzungushwa kwa vidole, bila kukata kitu. Kipimo cha SWR, kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kwenye redio badala ya kurushwa na antena, huunganishwa kati ya redio na waya wa antena, gari likiwa nje, mbali na kuta na malori mengine, milango ikiwa imefungwa, kisha hupimwa chaneli ya 1 na ya 40. Kipimo kikiwa kikubwa zaidi kwenye chaneli ya 1, antena ni fupi na skrubu itolewe nje kidogo. Kikiwa kikubwa zaidi kwenye ya 40, antena ni ndefu na skrubu irudishwe ndani. Chini ya 1.5 ni pazuri sana, hadi 2 panavumilika, lakini kikizidi 3 dereva asirushe sauti kabisa, kwani nguvu inayorudi inaweza kuiunguza redio. Anayetaka kuweka springi chini ya fimbo aiweke kabla ya kupima, maana nayo huongeza urefu.

Hata hivyo, skrubu hiyo haiwezi kuponya ufungaji mbaya. Antena hii huutegemea mwili wa gari kama nusu yake ya pili, na kabini za kisasa zina faibaglasi na plastiki nyingi, tena mikono ya vioo mara nyingi imetenganishwa na chesisi kwa mpira au rangi. Chaneli zote 40 zikionyesha kipimo kibaya, tatizo huwa ni erthi, yaani muunganisho wa antena na chuma cha gari, mara nyingi kuliko fimbo yenyewe. Hapo ndipo fundi mwangalifu hujulikana: hukwangua rangi hadi chuma kionekane, huvuta waya mfupi na mnene kutoka kwenye kishikio hadi kwenye chesisi, kisha hupaka grisi kuzuia kutu, ambayo chumvi ya barabara za majira ya baridi huileta haraka mno.

Kuhusu antena mbili, moja kila upande, zinafaa kwa lori lenye upana wa meta 2.6, tena kwa waya wake maalumu wa jozi. Kwenye pikapu hazina nafasi ya kutosha kati yao, na moja iliyofungwa vizuri huzishinda.

Kasoro ninayoiona ni kwamba fimbo huuzwa peke yake. Kishikio, waya wa koaksia na springi hununuliwa kando, na mnunuzi mgeni hujikuta akirudi dukani. Waya usibanwe mlangoni wala usikunjwe kwa pembe kali. Kwa mtu mwenye gari dogo asiyetaka kutoboa bodi, antena ya sumaku katikati ya paa la chuma ni chaguo bora kuliko hii, lakini kwanza ajaribu paa lake kwa sumaku ndogo, kwa kuwa pikapu za Ford F-150 kuanzia toleo la mwaka 2015 zina bodi ya aluminiamu, na sumaku haishiki hapo.