Multimita ya Luthuli Avenue na gari lililokataa kuwaka: uzoefu wangu

Hii ninayoisifu ni ile multimita (kipima umeme) ndogo ya manjano inayouzwa madukani Luthuli Avenue kwa chini ya shilingi elfu moja. Ningependa kila mwenye gari Nairobi awe nayo.

Baridi ya Julai ilipoingia, injini ya Fielder yangu ilianza kuzunguka kwa uzito asubuhi, kisha ikafika mahali starta (mota inayozungusha injini iwake) inalia "tak" na kunyamaza. Muuza betri mmoja wa Industrial Area alifungua boneti, akatazama kwa macho tu, akasema, "Bosi, hii imekufa, weka mpya." Sikulipa. Betri ni pesa nyingi mno kununuliwa kwa kukisia.

Nilipima betri gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.5. Betri iliyojaa husoma kama 12.6, na kwenye 12.2 imebaki nusu, kwa hiyo chaji ilikuwepo. Lakini betri iliyochoka yaweza kusoma vizuri ikipumzika, halafu iporomoke ikibebeshwa starta. Mke wangu akashika ufunguo, mimi nikashikilia ncha za multimita kwenye vichwa vya betri. Starta ikizunguka na volti zishuke chini ya 9.6, betri ndiyo ya kushukiwa. Yangu ilibaki juu ya 11, na bado starta ilijikokota. Umeme ulikuwepo, ila haufiki kwenye starta.

Nikaweka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, nyingine kwenye chuma cha injini, ufunguo ukazungushwa tena. Hapo hupaswi kuona zaidi ya nusu volti. Mimi niliona zaidi ya volti moja! Zilikuwa zinapotelea kwenye kishikio cha waya hasi, kilichoota ukoga mweupe upande wa ndani ambako jicho halifiki. Nilikifungua, nikasugua kwa brashi ya waya na maji moto yenye magadi, nikakausha na kukaza. Gari likawaka papo hapo. Injini ikiunguruma nilisoma 14.2, maana yake alteneta, jenereta ya gari, inachaji betri.

Kasoro zipo. Namba hubadilika polepole, kwa hiyo ule mshuko wa ghafla starta inapoanza huupati wote. Ncha zake huteleza. Tundu la ampea 10 kwenye nyingi za bei hii halina fyuzi. Usichomeke waya hapo kwa kazi hii, maana starta huvuta zaidi ya ampea mia moja. Waya mwekundu ukae tundu la volti, kizungusho kwenye volti 20 za DC.

Pia haikuambii betri imebakiza nguvu kiasi gani. Kama yako ina miaka mitatu au zaidi, ichaji ijae, kisha umpelekee fundi mwenye kipimo cha mzigo: huibebesha nusu ya ampea zake za kuwashia kwa sekunde 15, na isiposhuka chini ya 9.6, usikubali kuuziwa nyingine.