CDC WONDER: sehemu ya bure ya kulinganisha vifo bila umri kukudanganya

Naomba niiongelee CDC WONDER maana watu wengi wa afya ya jamii huku kwetu wanaisikia darasani halafu hawaigusi tena, wanaona ni kitu cha Wamarekani. Ni tovuti ya CDC, ile taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, na ndani yake wamepanga data za vifo kutoka kwenye vyeti vya vifo vya nchi nzima. Wewe unachagua mwaka, jimbo, sababu ya kifo, jinsia, umri, unabonyeza, jedwali linakuja. Bure kabisa, hujisajili, hakuna kadi ya benki, unakubali tu masharti ya matumizi, na kubwa kwenye masharti ni kwamba usijaribu kumtambua mtu yeyote kupitia hizo namba. Ukurasa wenyewe umekaa kizamani lakini mwepesi, hata bando la kuungaunga linautosha.

Sasa kilichonifanya niipende ni kitu kimoja, kile kiboksi cha kutiki ili wakupe kiwango cha vifo kilichosawazishwa kwa umri, yaani namba iliyoondolewa tofauti ya umri wa watu kati ya sehemu na sehemu. Bila hicho kulinganisha vifo vya sehemu mbili ni kupotezana. Angalia, Japani kiwango ghafi cha vifo kiko juu kuliko Tanzania, yaani vifo gawanya kwa idadi ya watu, hivyo tu. Mtu asiyejua anachukua hiyo anaanza kusema bora huku kwetu, wenzetu wanakufa sana. Hapana jamani. Japani imejaa wazee na sisi nusu ya watu wetu ni watoto na vijana wadogo, na mzee wa miaka 85 popote pale duniani ana hatari kubwa ya kufa kuliko kijana wa miaka 20. Hiyo namba ghafi inakwambia muundo wa umri wa nchi zaidi kuliko afya ya watu wake.

Kwenye WONDER hii kitu unaiona kwa macho. Chukua Florida na Alaska, mwaka 2019 kwa mfano. Florida ndo kule wastaafu wa Marekani wanakohamia, Alaska watu wake ni wadogo zaidi kiumri. Ukiangalia kiwango ghafi Florida inaonekana pabaya, iko juu sana. Tiki kile kiboksi, urudishe swali lilelile, na mpangilio unageuka, Alaska inakaa juu ya Florida. Halafu jaribu Maine na Utah, jimbo lenye watu wazee kuliko yote na lenye vijana kuliko yote, hapo ghafi ya Maine ni karibu mara mbili ya Utah lakini ukishasawazisha pengo linabaki dogo. Nikikaa na wanafunzi hiyo mifano miwili inafanya kazi kuliko fomula nzima ubaoni, kwa sababu wanaona wenyewe namba zinavyohama.

Na hesabu yenyewe wala sio ya kutisha. Tutunge miji miwili ya mazoezi tu. Mji A una watu 90,000 chini ya miaka 65, wamekufa 270, na wazee 10,000, wamekufa 500. Mji B una 70,000 chini ya 65, vifo 175, na wazee 30,000, vifo 1,350. Ghafi: A ni 770 kwa kila watu 100,000, B ni 1,525, unaona kama B ni kaburi. Lakini ingia ndani kwa kila rika. Walio chini ya 65 wa A ni 300 kwa laki, wa B ni 250. Wazee wa A ni 5,000 kwa laki, wa B ni 4,500. Yaani B iko vizuri kwenye kila rika! Sasa unachukua jamii moja ya kulinganishia, tuseme asilimia 80 wako chini ya 65 na asilimia 20 wazee, unazidisha kila kiwango cha rika kwa uzito wake halafu unajumlisha. A inatoka 240 na 1,000, jumla 1,240. B inatoka 200 na 900, jumla 1,100. Basi, ndo kazi yote hiyo, WONDER inafanya hivyohivyo ila kwa makundi ya umri 11, kuanzia watoto chini ya mwaka mmoja mpaka miaka 85 na kuendelea.

Hapa ndo naomba watu wawe makini sana. Hiyo jamii ya kulinganishia ni chaguo la watu, haijashuka kutoka mbinguni, na WONDER usipobadilisha chochote inatumia watu wa Marekani wa mwaka 2000, ambao wazee wa 65 na zaidi ni kama asilimia 12.6. WHO wana ya kwao ya dunia, waliitengeneza kwa wastani wa kati ya mwaka 2000 na 2025, wazee humo ni kama asilimia 8 tu. Rudi kwenye miji yetu, weka 92 kwa 8, A inakuwa 676 na B 590. Miji ni ileile, vifo ni vilevile, namba zimeporomoka. Kwa hiyo ukichukua namba ya WONDER ya jimbo fulani ukaiweka pembeni ya namba ya Kenya kutoka WHO ukasema hii kubwa kuliko ile, umelinganisha vitu viwili ambavyo havijapimwa kwa mizani moja, na hili kosa naliona kwenye ripoti na slaidi za watu wakubwa kabisa, inaniuma kwa sababu kuna maamuzi ya pesa yanafanyika juu yake. Wamarekani wenyewe walitumia watu wa mwaka 1940 kwa miaka mingi mpaka walipobadilisha kuanzia data za 1999. Vifo vya mwaka 1995 kwa jamii ya 1940 vilikuwa karibu 504 kwa laki, kwa jamii ya 2000 vinazidi 900, na hakuna mtu hata mmoja wa ziada aliyekufa.

Uzuri mwingine, hawa jamaa hawakuachii namba mbovu ukaenda nayo kichwakichwa. Ukishuka mpaka ngazi ndogo kama kaunti na vifo viko chini ya 10 wanaficha, kulinda siri za watu. Vifo chini ya 20 wanakuwekea alama kwamba hicho kiwango hakiaminiki. Unaweza pia kutiki wakuletee mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani namba ya chini na ya juu zinazokuonyesha kiwango kinaweza kuyumba kiasi gani kwa bahati tu, na mimi nakushauri utiki kila siku, usiache. Dawa ya namba kufichwa ni kuunganisha miaka kadhaa au kupanua eneo. Chini ya kila jedwali kuna maelezo marefu ya data imetoka wapi na imehesabiwaje, watu wanayaruka, yasome.

Kwa kufuatilia miaka nayo ni tamu. Mwaka 2019 Marekani nzima ilikuwa 715.2 kwa laki baada ya kusawazisha, 2020 korona ikaipeleka 835.4, ongezeko la kama asilimia 16.8. Ghafi kwa miaka hiyohiyo ni kutoka 869.7 kwenda 1,027.0, asilimia 18 hivi. Hizo tofauti mbili zikikaa pamoja zinakuonyesha ongezeko kubwa ni vifo vyenyewe, sio kwamba nchi imezeeka ghafla ndani ya mwaka mmoja.

Ila usiishie kwenye namba moja iliyosawazishwa. Inajumlisha marika yote, kwa hiyo inaweza kuficha kwamba vifo vya wazee kwa ugonjwa wa moyo vinapungua huku vijana wa miaka 25 mpaka 44 wanakufa kwa dawa za kulevya, na Marekani hilo limetokea kweli. Panga jedwali kwa makundi ya umri uone. Ukipanga kwa umri chombo hakikupi kiwango kilichosawazishwa, ambayo ni haki yake, kwa hiyo unafanya maswali mawili tofauti.

Kasoro sasa. Haina SMR, ule uwiano wa vifo vilivyotokea kwa vilivyotarajiwa, ambao ndo unakuokoa sehemu ukiwa na jumla ya vifo tu bila kujua vya rika gani. Na kubwa zaidi kwetu, huwezi kuweka data zako mwenyewe. Huku vifo vingi vinatokea nyumbani bila cheti, takwimu nzuri za kila rika unazipata kwenye maeneo ya ufuatiliaji kama Ifakara na Rufiji, au Kilifi kule Kenya, ambako wanapita nyumba kwa nyumba na kuwauliza ndugu marehemu alikuwa anaumwa nini. Data za namna hiyo WONDER haikusaidii. Kwa saratani nenda Global Cancer Observatory, tovuti ya IARC, lile shirika la utafiti wa saratani la WHO, nchi zetu zipo, ila nao wana jamii yao ya kulinganishia, ile ya mtafiti Segi iliyorekebishwa na mwenzake Doll, kwa hiyo ni mizani ya tatu hiyo.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Anza na Florida na Alaska uzoee vitufe, halafu kwa data zako fungua Excel, safu moja weka viwango vya kila rika, safu ya pili uzito wa WHO ukiwa kama desimali unaojumlika kuwa 1, malizia na SUMPRODUCT, fomula inayozidisha safu hizo mbili na kujumlisha, na juu kabisa ya jedwali andika umetumia jamii gani ya kulinganishia.