QCX+ ya QRP Labs: ukikosea kuiunga, unaiokoaje?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo tuna QCX+, redio ya kujiungia mwenyewe kutoka kampuni ya QRP Labs, iliyobuniwa na Hans Summers na kutoka mwaka 2020. Ni redio ya kupokea na kurusha Morse, bendi moja tu unayoichagua wakati wa kuagiza. Hii ni ya mita 40, na inatoa kati ya wati 3 na 5 kutegemea volti unazoipa.

Uzuri wake tumeshausikia sana. Mimi nataka tujibu swali moja: ukikosea kuiunga, inakupa nafasi ya kurekebisha? Kwa sababu kukosea utakosea. Bodi ina vifaa vingi, na vingine vinafanana kama pacha.

Nianze na jambo linalonifanya niipende. Bodi ni kubwa, vifaa havijabanana, na zile chipu ndogo za juu ya bodi zimeshalehemiwa kiwandani. Halafu ndani yake kuna vipimo vyake yenyewe. Menyu ya urekebishaji inazalisha ishara ya majaribio na kukuonyesha kwenye skrini kama sehemu ya kupokea iko sawa. Kwa fundi asiye na osiloskopu, yaani kifaa cha kuonyesha umbo la ishara, hicho ni kitu kikubwa mno.

Sasa, kabla hujawasha. Ugavi wako wa umeme ukiwa na kikomo cha ampea, kiweke miliampea 250. Redio ikiwa inapokea inatumia takriban miliampea 100 na ushei. Ikivuta hadi kugonga kikomo, zima papo hapo. Kuna shoti, au kuna chipu imegeuzwa.

Tuseme umewasha, skrini inawaka taa lakini haina maandishi. Usikimbilie kung'oa kitu. Chukua bisibisi uzungushe R47, kile kirekebishi kidogo kwenye bodi, ndiyo inayorekebisha weusi wa herufi. Watu wengi sana wameishia hapo. Ukiona vijisanduku vyeusi mstari wa juu na havibadiliki, hapo skrini ni nzima ila ubongo haufanyi kazi. Pima kama kuna volti 5 kwenye mguu wa kutokea wa 7805, kile kifaa kinachoshusha umeme hadi volti 5. Zikiwepo, itazame ile chipu ya ATmega328P, ndiyo huo ubongo: imekaa upande sahihi kwenye soketi yake? Kuna mguu uliojikunja chini ya tumbo? Kisha lehemu upya miguu ya kristali ya megahezi 20. Chipu hiyo ikiungua, ya dukani iliyo tupu haitakusaidia mpaka iwekwe programu ya QRP Labs.

Haya, tufike kwa T1, transfoma ya kuzungushia waya mwenyewe inayoingiza ishara za antena kwenye sehemu ya kupokea. Hapa ndipo kilio kipo, kwa hiyo tutakaa.

T1 ni toroidi ya T50-2, ile pete nyekundu, yenye koili nne: moja ndefu ya mizunguko 38 na tatu fupi za mizunguko 5 kila moja. Kila waya unapopita ndani ya tundu la pete, huo ni mzunguko mmoja. Mwisho unabaki na ncha nane zinazoingia kwenye matundu manane. Makosa yake ni ya aina tatu.

La kwanza, na la kawaida kuliko yote: vanishi haijaungua. Ule waya unaonekana kama shaba tupu lakini umepakwa vanishi. Risasi inauzunguka vizuri, inang'aa, unaridhika, kumbe umeme haupiti. Weka multimita kwenye mlio, gusa tundu moja la koili na mwenzake. Isipolia, weka chuma cha kulehemia nyuzi 380 hadi 400, ongeza risasi mpya kidogo, ushikilie kama sekunde 10 mpaka vanishi iungue. Fanya hivyo ncha zote nane, hata zile unazoziamini.

La pili ni ncha kuingia tundu la jirani. Zile koili fupi mbili zinazolisha kichanganyishi cha mapokezi lazima ziwe kinyume moja kwa nyingine. Moja ikigeuka, ishara zinafutana na redio inakuwa kiziwi, ingawa kila koili inalia vizuri kwenye multimita. Kwa hiyo kulia peke yake hakutoshi. Fuatilia kila waya kwa macho kutoka kwenye pete hadi kwenye tundu, ukilinganisha na mchoro wa mwongozo.

La tatu ni hesabu. Hapa kile kipimo cha ndani kinakusaidia. Ingia menyu ya urekebishaji, sehemu ya kutafuta kilele cha kichujio cha kupokea, zungusha kapasita C1 taratibu mzunguko mzima. Kilele cha kweli utakiona mara mbili katika mzunguko mmoja. Ukikiona mara moja tu, hicho si kilele, ni ukingo wa kapasita. Kapasita ikiwa mwisho wa kujaa, koili ndefu ina mizunguko michache: sogeza nyaya zikaribiane au ongeza. Ikiwa mwisho wa kupungua, mizunguko imezidi: punguza mmoja, upime tena.

Ikibidi kuitoa T1 yote, usijaribu kuyeyusha matundu manane kwa pamoja. Utang'oa shaba ya bodi. Kata nyaya zote juu, itoe pete, kisha vuta kila kipande kimoja kimoja kwa kibano na safisha tundu kwa pampu ya kunyonya risasi. Ni vivyo hivyo kwa chipu ya miguu minane uliyoigeuza: kata miguu, itoe, toa vipande. Chipu ni bei ndogo, bodi huipati tena.

Upande wa kurusha. Unganisha mzigo bandia wa omu 50, usirushe bila kitu. Wati zikiwa chini sana, pima kwanza L1, L2 na L3, koili za kichujio cha kutokea, maana vanishi ni ile ile. Toleo la mita 40 lina mizunguko 21, 24 na 21. Kisha soma kapasita za kichujio: za nje zimeandikwa 271, yaani pikofaradi 270, na za ndani 681, yaani 680. Ukizibadilishana, nguvu inaanguka na uchafu wa masafa unapita. Vyote vikiwa sawa na wati bado hazitoshi, tanua kidogo nafasi kati ya mizunguko ya koili hizo.

Isiporusha kabisa, angalia zile BS170 tatu, transista zinazotoa nguvu ya kurusha. Ziko sambamba, moja ikipiga shoti zote zinaonekana zimekufa, kwa hiyo toa moja moja huku ukipima. Na sikilizeni hili vizuri: BS170 ikipiga shoti, mara nyingi inaondoka na Q6, ile transista ya MPS751 inayozipa umeme. Ukibadilisha Q6 peke yake, mpya nayo itaungua ukibonyeza ufunguo wa Morse tu.

Naipendekeza QCX+ kwa mtu anayeunga mara ya kwanza, bila wasiwasi. Ila unapoagiza, ongeza BS170 sita, MPS751 mbili, na waya wa koili wa mita mbili za ziada. Na kabla hujaiunganisha na antena, leseni ya redio ya ridhaa iwe mkononi. Kwa Tanzania inatolewa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Ukishaipata, wenye nguvu ndogo kwenye mita 40 hukutana kilohezi 7030.