Gari la Misuli kwa Mbio za Dragi, Bajeti Ndogo: Lipi Ununue?

Wengi wakitafuta gari la dragi, yaani mbio fupi za mstari ulionyooka, kwa kawaida robo maili, hukimbilia kufungua boneti. Mimi huinama nyuma. Magari ya misuli ya Marekani yaliyotoka tangu 2010 hivi, yenye V8 (injini ya silinda nane), yana nguvu za kumtosha anayeanza. Pesa huishia kwenye kinachovunjika nguvu hizo zinapofika chini: difu, ekseli, propela, gia boksi. Kwa hiyo nimeyapanga kwa kutazama nyuma.

1. Ford Mustang GT, 2011–2014

Injini yake ni Coyote ya lita 5.0, nguvu farasi 412 ilipoanza na 420 kuanzia modeli ya 2013. Hiyo si sababu ya kuiweka juu. Sababu ni ekseli nzima ya nyuma yenye difu ya inchi 8.8. Matairi mawili kwenye ekseli moja, hakuna mikono mingi ya kujipinda gari linapochomoka. Tena Ford walitumia difu ya ukubwa huo kwa miongo, hata kwenye Explorer na F-150, kwa hiyo vipuri vyake haviadimiki.

Chukua otomatiki ya gia 6. Najua kuna watakaoguna, maana raha ya manyuo, gia za kubadilisha kwa mkono na klachi, haikataliki. Lakini mashindano mengi ya wikendi huko Marekani ni ya bracket: unatangaza muda wako kabla, gari la polepole hutangulia kuondoka, na ukikimbia haraka kuliko ulivyotangaza kwa kawaida umepoteza. Mwenye sekunde 13 zisizoyumba humpiga mwenye 11 za kubahatisha. Klachi hufuata mguu wa dereva, na mguu una siku zake.

Udhaifu wake ni gia za pampu ya oili. Ukipanga kufunga supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), zibadilishe kabla.

Mustang ya 2015 ina farasi 435, lakini kila tairi la nyuma linajitegemea. Bila bushi ngumu, matairi hurukaruka pale pale kwenye taa.

2. Chevrolet Camaro SS, 2010–2015

Vipuri vya injini za ukoo wa LS, V8 za Chevrolet na kampuni mama yake GM, ni vingi mno, na hilo peke yake linaipandisha. Tatizo ni uchaguzi: ya manyuo ina LS3 yenye farasi 426, ya otomatiki ina L99 yenye 400, inayozima silinda nne ukiendesha taratibu. Lifta za mfumo huo (vipande vinavyosukuma vali) ndizo za kusikiliza kabla ya kulipa, zikigonga, ondoka. Pia ni nzito, karibu kilo 1,750.

3. Dodge Challenger R/T

Tamu kuendesha, ila ina karibu kilo 1,900. Lita 5.7 zinabeba mzigo mkubwa mno. Scat Pack ya lita 6.4 yenye farasi 485 inaumudu, lakini hapo tumeshaiaga bajeti ndogo.

Ukishanunua, usianze na eksozi. Anza na matairi laini ya dragi ya nyuma, kisha shokapu na mikono ya chini, kisha toki konveta (kiungo cha injini na gia boksi ya otomatiki). Sehemu ya kumi ya sekunde ukiiokoa kwenye futi 60 za kwanza, mwisho wa robo maili huwa imekua hadi karibu moja na nusu ya hiyo. Farasi 20 za eksozi hazikupi hivyo.

Gari lililogongwa mbele huweza kuwa nafuu, mradi chasisi haikupinda. Lenye paa la kukunja liache, hata likiwa bei ya kutupa: kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi Marekani, hulidai bomba za kinga likiwa bado la polepole kuliko lenye paa gumu, na kuzifunga kwaweza kukugharimu zaidi ya ulichookoa kwa muuzaji.